Jakuzi Nguba, bidoni Kadutu: maji moto yana hesabu yake

Wiki hii kijana mmoja wa Nguba alinisimamisha barabarani akanionyesha picha kwenye simu yake.

"Yaya, hii ndiyo nimeagiza. Inapitia Dar es Salaam. Naiweka nyuma ya nyumba, tunaoga huku tunaangalia ziwa. Unasemaje?"

Ilikuwa jakuzi, lile beseni kubwa la watu wanne, lenye maji moto na pampu inayopuliza mapovu. Aliniuliza kwa sababu mtu wa radio hudhaniwa anajua kila kitu. Nilimwambia nitajibu kwa maandishi, maana swali lake haliishii ndani ya ukuta wake.

Kwanza, simkatazi. Pesa ni jasho lake, na maji moto si dhambi. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha jioni, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Wazee wa Katana wanajua faida ya chemchemi za moto za Kankule, na huko hakuna aliyenunua pampu. Hata jakuzi yenyewe haikuanza kama starehe. Jamaa wa Jacuzzi, Waitalia waliohamia California, walikuwa watengenezaji wa pampu. Mtoto wao mmoja aliugua ugonjwa wa viungo tangu udogo, wakatengeneza pampu ya kumkanda majini nyumbani. Mwaka 1956 wakaanza kuiuza. Starehe ilikuja baadaye.

Sasa tufanye hesabu. Beseni la namna hiyo linameza lita 1,200 hivi. Hizo ni bidoni 60 za lita 20. Mashirika ya misaada yanahesabu kwamba mtu aliyehama kwake anahitaji walau lita 15 kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Kwa hiyo kujaza beseni mara moja ni maji ya watu 80 kwa siku nzima, au ya familia ya watu 8 kwa siku 10. Kama maji hayo yanatoka kwenye bomba la mtaa, ambalo sote tunajua jinsi linavyokauka, basi jirani atalala na bidoni tupu.

Halafu moto. Kupasha lita 1,200 kutoka digrii 20 hadi 38 kunahitaji kama kilowati-saa 25 za umeme. Kwa umeme huo, balbu moja ya wati 10 ingewaka saa 5 kila usiku kwa siku 500. Na hapo ni kupasha mara ya kwanza tu. Kuyaweka moto kila siku ni hesabu nyingine. Umeme ukikatika, pampu inasimama na klorini inaisha nguvu. Maji ya uvuguvugu yaliyotulia ni shamba la vijidudu, vingine vya ngozi, vingine vya mapafu. Anayetaka kukwepa umeme kwa kupasha kwa makala, akumbuke kwamba makala yetu mengi yanakula miti ya milima ile ile tunayoililia kila mwaka, hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega.

Jambo la tatu ndilo linaniogopesha zaidi. Lita 1,200 ni kilo 1,200. Ongeza uzito wa beseni na watu wanne, unakaribia tani 2 mahali pamoja. Bukavu ni mji wa miteremko. Kule Funu ardhi inateremka taratibu na nyumba zikiwa juu yake. Ukiweka tani 2 ukingoni mwa parseli bila msingi wa zege, na siku ya kubadilisha maji ukayafungulia yote kwa pamoja, unaichimbia kaburi nyumba ya mbao iliyo chini yako.

Baada ya kuagana na yule kijana nilipanda Kadutu, kwenye nyumba inayopokea familia mbili zilizokimbia vita. Vyumba viwili, watu kumi na wanne. Mama mmoja alikuwa anapasha maji kwenye sufuria ndogo. Binti yake alikuwa amejifungua, na kwetu mzazi hukandwa kwa maji moto.

"Mwanangu," aliniambia, "makala ya leo ni ya kupika au ya kumkanda. Si ya yote mawili."

Siku hiyo walikula viazi vya jana, baridi.

Sikumwambia habari za jakuzi, ningeona haya. Lakini naandika kwa sababu watu hawa wawili wanataka kitu kimoja, maji moto, na wanaishi katika mji mmoja.

Basi ndugu yangu wa Nguba, jibu langu ni hili. Ukiamua kuweka, chukua maji ya mbinguni. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 10 tu, linakusanya lita 1,200. Mvua moja nzuri inajaza beseni lako bila kugusa bomba la mtaa. Mwite fundi apime udongo na amwage zege mbali na ukingo. Maji machafu yapeleke kwenye mfereji uliojengwa, kidogo kidogo. Umeme wake uwe na waya wa ardhi na kifaa kinachokata chenyewe hatari ikitokea, maana umeme na maji havina urafiki.

Na tanki la mvua likishajaa, weka robine moja upande wa nje wa ukuta. Maji hayo si ya kunywa bila kutibiwa, lakini ya kufua na kuoga yanatosha. Haitakugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya beseni.

Kwetu sisi wengine, tusimwachie tajiri peke yake. Makanisa, kamati za mitaa na wenye nyumba zinazopokea familia wanaweza kuweka pipa lililopakwa rangi nyeusi juani tangu asubuhi. Jua likiwepo, jioni maji yana uvuguvugu wa kumwogesha mtoto bila makala. Kwa mzazi yatahitaji kuongezewa moto, lakini makala yatakayotumika ni machache, na mengine yatabaki ya chungu.

Kesho ninapita tena Kadutu. Yule kijana nimempigia simu, ameomba nimwonyeshe nyumba hiyo. Hajaahidi kitu, nami sikumwomba ahidi. Nimemwambia tu avae viatu vya kupanda mlima, na kama anaweza, abebe mfuko mmoja wa makala.