DEBE MOJA, WATU 18



Sisi watu wa gengi twaomba nafasi katika gazeti hili ili tuulize swali moja. Nani aliyesema kwamba maji ya kunywa ni zawadi ya kontrakta?

Mwezi wa Februari tulipelekwa nyikani, upande wa Taru, kubadili mataruma. Tulikuwa watu 18. Lori lilituacha saa moja asubuhi na debe moja la maji, kama lita 20 hivi, likarudi saa kumi na moja jioni. Fanyeni hesabu wenyewe: ni lita moja na kidogo kwa kila mtu mchana kutwa, na chuma kimewaka kama jiko. Saa sita debe lilikuwa tupu. Tulipomwambia nyapara alicheka akasema, "Kazi ya reli si hoteli."

Siku ya tatu mwenzetu mmoja alianza kukojoa mkojo kidogo, wenye rangi ya chai ya mkandaa. Mgongo ulimwuma, akameza diklofenaki ya dukani, akaendelea kufunga nati. Jumamosi alilazwa hospitali. Daktari alisema figo zimeumia kwa kukaukiwa maji na kwa vidonge vile. Kontrakta akasema ni ulevi. Mtu huyo ni Mlokole, hajaonja hata busaa!

Figo ni mbili, kila moja kadiri ya ngumi, nazo ziko mgongoni chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja kadiri ya lita 180, na karibu zote hurudi mwilini. Tunayokojoa ni lita moja au mbili tu. Jasho likikausha mwili, damu ifikayo kwenye figo hupungua, na dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huzidi kuipunguza. Tena figo haipigi kelele. Mtu hujiona mzima hali sehemu kubwa imekwisha haribika. Mwisho wake ni mashine ya kusafisha damu, mara 2 au 3 kwa juma, saa nne kila mara. Nani atabeba taruma namna hiyo?

Wasiosadiki na watazame wakata miwa wa El Salvador na Nikaragua. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliandika habari za wanaume wengi walioharibika figo bila presha wala ugonjwa wa sukari. Joto na kazi nzito bila maji ni mashtaka ya kwanza. Nikaragua walipowapa wakata miwa maji, kivuli na mapumziko, figo zilizoumia zilipungua.

Na sisi tuna makosa. Presha na sukari ndizo zinazoharibu figo nyingi kuliko yote, na kupimwa ni dakika chache, lakini twangoja mpaka miguu ivimbe. Vidonge vya mgongo twavitafuna kama njugu. Hata hivyo, kosa letu halimpi kontrakta ruhusa ya debe moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaagiza mwajiri atoe maji safi ya kutosha. Kwa hiyo twataka tangi juu ya lori, turubai la kivuli, mapumziko wakati wa jua kali, na kupimwa presha na sukari kila mwaka bila kukatwa mshahara.

Mkutano wa tawi ni Jumapili saa nne. Kila gengi lilete hesabu ya lita lilizopewa kila siku. Nyapara naye amekaribishwa, aje na debe lake.