Kwa nini jino linang'olewa wakati lingeweza kuzibwa?

Mtu anapotoka Kilolo au Chunya kwenda hospitali kwa ajili ya jino, mara nyingi ameshakaa na maumivu wiki kadhaa. Ametafuna karafuu, amemeza dawa za maumivu za dukani, na shavu limeanza kuvimba. Akifika, linalobaki ni kung'oa. Katika makala haya tunaangalia kwa nini inakuwa hivyo.

Tuanze na chanzo. Wengi bado wanaamini jino hutobolewa na mdudu. Hakuna mdudu huyo. Ni bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando laini unaoshika menoni. Wakipata sukari hutengeneza asidi inayokula jino taratibu. Ukoga usiposafishwa hugeuka ugaga mgumu, fizi huvimba na kutoa damu, na hatimaye hata jino lisilo na tundu hulegea.

Soda na pipi zimefika kwenye vijiji ambavyo tabibu wa meno hajafika. Kung'oa ni kazi ya muda mfupi. Kuziba kunahitaji vifaa, na wakati mwingine kurudi tena, yaani nauli mara mbili na siku mbili nje ya shamba. Mkulima anayechagua kung'oa si mjinga, amepiga hesabu.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu takriban bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Hapa nyumbani, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Lakini kadi ya bima haizibi jino kama kituo cha afya hakina tabibu wala kiti cha meno. Hilo ni swali la kumuuliza diwani kwenye mkutano wa kijiji: huduma ya kuziba ipo umbali gani kutoka hapa?

Jambo jingine ni "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, wapo wanaompeleka kwa mtu akamkwangue fizi. Yanayotolewa ni meno yake halisi ambayo hayajaota. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi au kupata maambukizi, huku malaria au kuhara kukiendelea bila tiba. Mpeleke zahanati.

Yaliyo mikononi mwetu ni haya. Piga mswaki mara mbili kwa siku, hasa usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mswaki wa mti unasafisha ukitumika vizuri, ila hauna floraidi ya kutosha. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu atosheke na dawa ya ukubwa wa punje ya mchele. Soda isiwe ya kila siku.

Ukiona tundu dogo, nenda kabla halijauma. Na uvimbe ukielekea shingoni au jichoni, ukiwa na homa au unashindwa kumeza, usisubiri kesho. Jino linaweza kuua.