Kitabu Nacho Kinataka "Pakawa"

Kisiwani Pemba hadithi haianzi mpaka msikilizaji akubali. Msimuliaji huita "Paukwa!" akangoja. Akijibiwa "Pakawa!" ndipo anapoendelea, wasikilizaji wakinyamaza, naye hunyamaza. Mtoto anayekaa miguuni mwa bibi yake, Wete au Kojani, huyajua makubaliano hayo kabla hajajua kusoma. Akiogopa humsogelea bibi. Akitaka kujua binti mfalme kaolewa na nani, huuliza hapo hapo.

Skuli makubaliano hayo huvunjika.

Chukua nakala ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi iliyokwisha pita mikononi mwa wanafunzi watatu au wanne wa sekondari. Jalada limebandikwa solotepu, pembe za kurasa zimekunjika, na pambizoni mna maandishi ya penseli: dhamira, mgogoro, tashibiha. Riwaya hiyo iliyotoka mwaka 1999 inamhusu Yasmin, binti wa Kihindi anayeozwa Bwana Raza, mtu mzima kwake kwa mbali, akamkimbia, kisha akapendana na Denge, mpigania uhuru anayeandamwa na serikali ya kikoloni. Msichana wa miaka 17 huisoma huku akimuwaza dada yake au shoga yake aliyeolewa mapema. Lakini penseli haikuandika hata pahala pamoja: hapa nililia. Mwalimu hakumuuliza, na mtihani hautamuuliza.

Hilo ni kosa, na lafaa liitwe kosa. Riwaya ya mapenzi na riwaya ya kutisha hupimwa kwanza mwilini mwa msomaji. Nywele zisiposimama, mwandishi wa kutisha ameshindwa, hata kama tamathali zake zinajaa kapu. Anayefundisha kitabu bila kutaka kujua msomaji alishtuka wapi, au aliwachukia akina nani, anaacha ushahidi ulio bora kuliko wote.

Tena kwa mambo ya kutisha, Pemba haihitaji kuazima. Mwingereza Evelyn Waugh alipita visiwani na katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931 akaitaja Pemba kuwa chuo cha uganga na uchawi, kinachoendewa na wanafunzi kutoka mbali. Aliwaandikia wasomaji wa kwao. Wapemba wenyewe hawakupewa nafasi ya kumjibu.

Mwandishi wa kwetu alilishika jambo hilo kwa namna nyengine. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo maiti isiyo kichwa inaonekana mzimuni. Mwaka 1968 akatoa Kisima cha Giningi, na Giningi, kwa masimulizi ya visiwani, ndio mji wa wachawi. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, huipekua hofu kwa akili mpaka akamtoa binadamu aliyejificha nyuma yake. Msomaji wa Dar es Salaam huenda akaona ni upelelezi tu. Aliyelelewa Micheweni, aliyekatazwa utotoni kulitaja jina la Giningi usiku, anasoma kitabu chengine kabisa. Wawili hao wakikaa pamoja, kila mmoja atatoka na kitu ambacho asingekipata peke yake.

Pemba inajua pia nguvu ya kuambizana hofu. Mwaka 1995 habari za Popobawa, pepo aliyesemekana kuwaingilia watu kimwili usiku, zilianzia kisiwani humo zikavuka hadi Unguja. Watu walihama vyumba wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Ilisemwa kwamba aliyefikwa na jambo lile akalificha, atarejewa. Basi watu ambao kwa desturi yao wasingethubutu kulitamka jambo la aibu kama lile walilitamka mbele ya majirani. Usiku ule wa kukesha pamoja ndio uliowavusha wengi mpaka alfajiri. Hofu kubwa namna hiyo inastahili riwaya, na riwaya hiyo inastahili wasomaji watakaobishana nayo barazani, kahawa ikizunguka.

Wako wazee wanaosema kuzungumza riwaya za mapenzi mbele ya vijana ni kuwafunza ufuska. Wasiwasi wao una mapenzi ndani yake, na haufai kubezwa. Ila vijana wanasoma. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku skuli na bado ikasomwa. Baadaye ikaingizwa kwenye mitaala. Hadithi za Eric Shigongo ziliwafanya watu wangojee gazeti la wiki ijayo kwa sababu ya neno moja la mwisho, "itaendelea", na katikati ya wiki walikuwa wakibishana nani atakufa na nani ataolewa. Kijana anayesoma kwa kujificha, bila mtu wa kumuuliza, ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwani anabaki na kitabu na mawazo yake tu.

Walimu wa Kiswahili wa Chake Chake, Mkoani, Wete na Konde hawahitaji bajeti kwa hili. Kipindi kijacho cha fasihi, kabla ya kuandika "dhamira" ubaoni, mwalimu na awaulize wanafunzi wake: ulishtuka ukurasa gani? Nani alikutia uchungu? Kisha awaache wajibizane dakika kumi, na yeye asikilize.