Alama nyeupe kwenye bampa: Raba ya mtoto inatosha, acha petroli

Jumamosi asubuhi Madale, vumbi la wiki nzima linaoshwa uani. Baba anasugua, watoto wanashika mpira wa maji, kisha gari linapakwa polishi. Linang'aa. Lakini jua likipanda, plastiki nyeusi za bampa na za chini ya wipa zinabaki na alama nyeupe kama zimemwagikiwa unga.

Polishi nyingi huwa na nta, na nta hiyo ni ya kupaka kwenye rangi ya bodi, ambayo ni laini. Plastiki isiyopakwa rangi ina vijitundu vidogo. Nta huingia humo, hukauka na kuwa nyeupe, na maji matupu hayaitoi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia petroli. Ni kweli inafuta, lakini inaweza kuipausha plastiki, na mvuke wake hushika moto kwa cheche moja. Kwa mzazi, hatari kubwa zaidi ni ile inayobaki. Petroli imeletwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikawekwa kando ya ndoo, na mtoto aliyekuwa akicheza juani ana kiu.

"Baba watoto, hiyo chupa ina nini?" Swali hilo liulizwe mapema, kabla mtoto hajaifikia.

Vifaa salama vipo nyumbani. Anza na maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani. Sugua taratibu, suuza, kausha. Alama zikibaki, chukua raba nyeupe ya penseli ufute sehemu kavu kama unavyofuta daftari. Kazi hii hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Kwa doa sugu, paka siagi ya karanga kidogo. Mafuta yake hulainisha nta. Sugua kwa mswaki, kisha osha kwa sabuni ili mafuta yasibaki yakinasa vumbi.

Safari ijayo, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye plastiki kabla ya kupaka polishi, na usipake juani.

Ikitokea mtoto amekunywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimlazimishe kunywa maziwa. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu na kuyaumiza vibaya. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, na mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, maana kikohozi na kuhema kwa shida vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Beba na ile chupa, daktari aione.

Bampa lenye alama nyeupe linaweza kusubiri Jumamosi nyingine. Chupa ya petroli isisubiri hata dakika moja: iondoke uani leo.