Vishikwambi vifundishe hesabu ya mkopo

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, watoto wa Kenya wamekua wakiona pesa zikitumwa kwa simu. Mikopo nayo ikafuata: M-Shwari mwaka 2012, Fuliza 2019. Ada ya mkopo ya asilimia 7.5 kwa siku 30 yaonekana ndogo, lakini anayekopa hivyo kila mwezi hulipa asilimia 90 kwa mwaka. Kijana gani ameonyeshwa hesabu hiyo darasani?

Vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016 vinaweza kubeba mkopo wa kuigiza. Mwanafunzi akope, achelewe kulipa, aone deni likivimba bila mzazi kupoteza hata senti. Wizara ya Elimu iliweke somo hili mtaalani, wanafunzi walipate kabla ya kuchukua kitambulisho.