Niani na Malenga Wake

Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, alifika pia mji mkuu wa Mali mwaka 1352, enzi za Mansa Suleiman, nduguye Mansa Musa yule aliyehiji 1324. Alikaa miezi minane. Watu wa huko aliwasifu kwa kushika sala na kuhifadhi Kurani. Siku ya Idi alimkuta kadhi amewafunga wanawe minyororo hadi wahifadhi. Sisi chuoni tulipata bakora tu, na tulilia!

Basi mji huo ulikuwa wapi? Masimulizi ya Wamandinka yanataja Niani, leo kijiji kidogo nchini Guinea, karibu na mto Sankarani. Wachimbuzi wa Poland na Guinea walichimba hapo miaka ya 1960 na 1970. Mabaki waliyapata, lakini ya karne ya 14 yakawa haba, na baadhi ya wataalamu wakasema: sipo hapa.

Sibishani na jembe. Lakini habari za Sundiata, mwasisi wa dola hiyo katika karne ya 13, zilikaa vinywani mwa malenga, wenyewe huwaita jeli, kwa karne nyingi kabla Djibril Tamsir Niane hajazichapisha mwaka 1960, akizipokea kwa jeli Mamadou Kouyaté. Kwa nini vinywa hivyo viaminiwe kwa mfalme, visiaminiwe kwa mji wake? Wachimbuzi wakirudi Niani, na wakae kwanza jamvini na wazee wa hapo. Jembe lifuate.