Twende Kakombe kwa Miguu

Weka chini nyundo na beseni kidogo, tutembee. Safari ya mwezi huu haitaki kifua cha kijana, hata mama mwenye wajukuu anaiweza.

Njia hii iko ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Tanzania, katika hifadhi ya Gombe, kama kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma. Barabara ya gari haifiki kule, watu wanakwenda kwa mashua. Wengi wetu wa Fizi na Baraka tulikimbilia nchi ile tangu 1996, tukakaa miaka mingi kambini Nyarugusu, na pori hili hatukuliona hata siku moja. Mkimbizi hatembei anakopenda.

Mashua inakushusha kwenye mchanga, mahali panapoitwa Kasekela. Hapo nyani wanakungoja, na ukifungua chakula wanakunyang'anya mbele ya macho yako. Unapewa kiongozi, maana mgeni haruhusiwi kuingia peke yake. Njia inafuata bonde la mto Kakombe. Ni nyembamba, ina mizizi, lakini miti inafunika jua. Unapanda polepole, na kabla ya saa moja kwisha unasikia maporomoko kabla hujayaona: maji yanaanguka kutoka juu zaidi ya mita 20, kati ya mawe na mizizi inayoning'inia. Unakaa pale. Hakuna kingine cha kufanya, na ndiyo raha yake. Ile njia nyingine ya kupanda vilele, tuwaachie wenye magoti mazima.

Ukibahatika utakuta sokwe, wale sisi tunaita sokomutu. Sheria ni kukaa mbali nao mita 10, kutokula mbele yao, na mwenye kikohozi abaki chini. Si maringo ya wenye hifadhi. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliingia kati ya sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakalemaa mikono. Sisi tuliozika watu wa kipindupindu Baraka hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Dunia ilijua Gombe kwa sababu ya Jane Goodall. Alifika tarehe 14 Julai 1960, ana miaka 26, pamoja na mama yake. Walipokuwa Kigoma mjini waliukuta umejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo baada ya uhuru wetu, nao wakasaidia kuwatengenezea mikate. (Kumbe ziwa hili limevusha wakimbizi wa kila rangi.) Mwaka ule ule alimwona sokwe akichomeka jani kwenye kichuguu na kulitoa limejaa mchwa. Wataalamu walikuwa wanasema mwanadamu peke yake ndiye anatumia vyombo. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, ana miaka 91.

Lakini mimi nilitaka tufike hapa. Gombe ni ndogo, ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968 ilikuwa kama kilomita 50 za mraba tu. Kufika miaka ya 1990, miti ilikuwa imebaki ndani ya mpaka, nje vilima viko uchi, udongo unateremka na mvua. Watu hawakukata kwa ubaya. Walikuwa wengi, wanatafuta kuni na shamba. Basi mwaka 1994 shirika la Goodall likaanza kazi iitwayo TACARE, na halikuanza kwa kuhubiri habari za sokwe. Waliuliza vijiji vinataka nini, wakaendelea na maji, afya, na vitalu vya miche. Msitu ulianza kurudi sehemu nyingine.

Kwetu hifadhi ziko. Itombwe ilitangazwa 2006, watu wa vijiji wakasikia habari baadaye. Mipaka ilichorwa tu mwaka 2016, baada ya mazungumzo marefu nao. Iko Ngandja pia, hapa hapa Fizi. Nikitaja majina haya mbele ya wachimbaji, jibu ni moja: «Pasteri, wewe unataka tule majani?» Swali ni la haki. Shimo linahitaji miti ya kulishikilia, na mtu wa shimoni ananunua nyama ya pori kwa sababu ndiyo iko sokoni. Anayefunga msitu bila kukaa na hawa watu anafunga mlango wa jiko lao.

Na mimi nauliza: mti ukikatwa, nani anapanda? Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inamkataza hata askari anayezingira mji asikate miti ya matunda. Askari, mwenye vita mbele yake! Sisi tunaotafuta gramu tunayo ruhusa gani zaidi yake? Mwenye shimo akate, sawa, lakini siku ya salongo aje na miche, na mlima wenye chemchemi asiuguse kabisa. Mama anayeamka saa kumi za usiku kutafuta maji hatasahau nani aliukata.

Kama kwenu iko njia ya pori ambayo watu bado wanaitembea kwenda kuona maji tu, si kuchimba wala kuwinda, andika jina la mto na kijiji, umpe mchungaji wa paruasi yako atuletee. Lakini kama njia haina usalama, usiwapeleke watoto.